Abu'l Hasan Alimchukua Yohane, Akauacha Msalaba

Kuna neno moja linalowanyamazisha waandishi chipukizi hapa mjini: "umekopi." Unasoma shairi lako mbele za watu, hujamaliza ubeti wa pili, jamaa mmoja nyuma keshasema eti kalisikia mahali. Namjua mshairi wa kikundi chetu aliyefungwa mdomo na neno hilo mpaka leo. Basi, ndugu msomaji, nifuate mpaka India ya mwaka 1600, tukamtazame dogo mmoja aliyekopi mchana kweupe, na kazi yake ikatiwa jina lake na umri wake: Abu'l Hasan mwana wa Riza, katika mwaka wa 13 wa maisha yake.

Baba yake, Aqa Riza, alikuwa mchoraji kutoka Herat. Alihamia India akamtumikia Salim, mwana wa mfalme Akbar, yule aliyekuja kutawala tangu 1605 kwa jina la Jahangir. Mtoto akakulia humo humo, kati ya brashi na vibakuli vya rangi.

Picha za Ulaya zilikuwa zimeshaingia. Mwaka 1580 mapadri Wajesuiti walitoka Goa wakafika Fatehpur Sikri kwa Akbar, wamebeba Biblia ya lugha nyingi iliyopigwa chapa Antwerp, yenye picha ndani. Picha ya chapa ni karatasi tu, nyepesi, inasafiri. Zilikuja na merikebu za Wareno, zile zile zilizokuwa zikitia nanga kisiwani Msumbiji. Wachoraji wa kasri walizipokea kama walivyozoea kupokea kazi za mabingwa wa Uajemi: wakazinakili. Kwao kunakili ndiko kulikuwa shule.

Iliyomfikia Abu'l Hasan ilikuwa ya Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, ya mwaka 1511, ndogo kama kiganja. Yesu yuko msalabani, chini wamesimama Maria na wengine, na upande mmoja Yohane, mikono ameifumbata, uso ameuinua. Yule kijana akamchukua Yohane peke yake. Msalaba hakuuchora, wala Maria, wala umati. Akabaki mtu mmoja ndani ya joho zito, anatazama juu kwa uchungu, na anachokitazama hakipo.

Hapo ndipo mimi hunyamaza kidogo. Utasema, Abu'l Hasan ni Mwislamu, na Mwislamu haamini kwamba Nabii Isa alisulubiwa, ndiyo maana akauacha. Sawa, lakini wachoraji wengine wa kasri hilo hilo waliuchora msalaba bila wasiwasi. Naona jicho lake liliona kitu kingine: kwamba huzuni ya Yohane inaweza kusimama yenyewe. Tena kazi haikuwa nyepesi. Dürer alichimba mistari yake kwa ncha ya chuma kwenye bamba la shaba. Huyu alikuwa na brashi na wino. Kila kivuli kwenye mikunjo ya joho ilibidi akitafutie njia upya. Hiyo nayo utaiita kukopi?

Jahangir mwenyewe aliupenda mchezo huu. Mwaka 1616 balozi wa Uingereza, Sir Thomas Roe, alimwonyesha picha ndogo kutoka kwao, akijivuna kwamba India hakuna wa kuifikia. Mfalme akamwitia mchoraji wake mkuu. Usiku mmoja Roe akaitwa, akawekewa picha sita mbele ya mshumaa: moja yake, tano za mchoraji. Aliitambua yake, ila kwa taabu, na akaiandika taabu hiyo katika kumbukumbu zake. Kucheka kwa mfalme usiseme!

Lakini kufananisha tu kungemfikisha wapi Abu'l Hasan? Mwaka 1618 Jahangir alimpa cheo cha Nadir al-Zaman, yaani ajabu ya zama, akaandika kwamba kazi ya baba haifui dafu mbele ya kazi ya mwana. Karibu na mwaka huo Abu'l Hasan alichora ndoto ya mfalme: Jahangir anamkumbatia Shah Abbas wa Uajemi. Wafalme hao hawakuwahi kuonana. Wamesimama juu ya tufe la dunia, kitu kilichotoka Ulaya. Nyuma yao duara la nuru, kama lile ambalo Wazungu huwawekea watakatifu, limebebwa na watoto wenye mabawa. Miguuni wamelala simba na mwanakondoo, ishara ya amani ambayo mapadri waliileta. Jahangir yuko juu ya simba, Abbas juu ya mwanakondoo. Mapadri walitaka ishara hizo zimtukuze Mungu wao. Abu'l Hasan akazipa kazi ya kumtukuza bwana wake. Na ukiisogelea picha utaona simba hajalala bure: mwili wake umeenea juu ya nchi za Abbas, anamsukuma mwanakondoo taratibu kuelekea bahari ya Mediterania.