Jumapili, saa nane mchana

Kama una gari na unaishi Tegeta, Bunju au Mbagala, hesabu unayopiga kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo, naijua. Na mimi naipiga. Unaangalia bei, unaangalia mshale wa tangi, unajiuliza: kesho nitoke na gari au nigombanie daladala? Hebu nikurudishe nyuma kidogo, enzi ambazo kuna siku swali hilo hukuulizwa kabisa. Serikali ilishakujibia.

Oktoba 1973, vita vya Waarabu na Israel vilipoanza, pipa la mafuta ghafi lilikuwa takriban dola 3. Kufikia Januari 1974 lilikaribia dola 12. Hatujakaa sawa, yakaja mapinduzi ya Iran ya 1979, bei ikavuka dola 30, na sisi ndo kwanza tunatoka vitani na Idi Amin.

Utasema: si tulikuwa na kiwanda chetu, TIPER, pale Kigamboni tangu 1966? Ndiyo, lakini kusafisha siyo kuchimba. Mafuta ghafi yalikuja na meli, yakalipiwa kwa dola, na dola tulizipata kwa kuuza mkonge, kahawa, pamba na korosho. Hata mfuko wako ukijaa shilingi, kama nchi haina dola, umekwama. Ndiyo maana maumivu ya wakati ule hayakuja kwa sura ya bei tu. Yalikuja kama pampu tupu, foleni, na amri.

Amri wazee wanayoikumbuka zaidi ni ya Jumapili. Ikigonga saa nane mchana, gari binafsi lisionekane barabarani bila kibali. Umetoka kanisani Temeke, ukapitia kwa shangazi Magomeni, pilau likachelewa? Basi gari linalala hukohuko, wewe rudi kwa miguu. Kwa maoni yangu amri ile iligusa safari zilizo rahisi kuachwa. Safari ya Jumatatu kwenda kazini ilibaki palepale.

Na mabasi je? UDA, iliyoanzishwa 1974, ilikosa vipuri kwa sababu ileile ya dola. Wenye magari wakaanza kubeba abiria kinyemela, kwenye mabenchi, watu wakitazamana: chai maharage. Polisi waliwakamata sana, mpaka 1983 serikali ikawaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Kwa hiyo ile daladala unayoikwepa kila asubuhi imezaliwa na shida ya aina hii.

Leo mambo yamegeuka. Bei kikomo inafuata soko la dunia na nguvu ya shilingi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli Dar ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Juni serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Lakini hakuna aliyekuambia upaki Jumapili. Sheli mafuta yapo, asiye na hela anajipaki mwenyewe. Mimi siitamani ile amri, ila kuna kitu kinanisumbua: chini yake bosi na mwalimu walipaki wote (bosi akikosa kibali, tuseme). Leo anayepaki ni mwalimu.

Wengine wamehamia kwenye gesi. Ya Songo Songo ilifika Ubungo kwa bomba mwaka 2004, na siku hizi ukifungua buti la gari la jirani unakuta mtungi. Inachimbwa hapahapa, haisubiri meli. Ila vituo ni vichache kuliko magari, na foleni tuliyoisahau imerudi. Mara ya mwisho nilisindikiza rafiki kujaza, tulizima injini. Aliye mbele yetu alishuka, akawa analisukuma gari lake kwa mkono, hatua mbili mbili, akituambia hawezi kuchoma gesi akiwa anasubiri gesi.