Pikapu na mbao za gitaa la umeme

Pikapu ni kifaa cha sumaku na koili kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi za chuma kuwa mkondo wa umeme. Haisikii mbao moja kwa moja. Bodi huathiri tu namna nyuzi zinavyotikisika, na ukubwa wa athari hiyo katika sauti ya amplifaya bado unabishaniwa. Mahali pa pikapu, idadi ya mizunguko ya waya na nguvu ya sumaku huathiri sauti waziwazi.

Kwa desturi, Gibson Les Paul yenye bodi ya mahogani hufungwa pikapu za koili mbili, aina iliyobuniwa na Seth Lover miaka ya 1950 ili kuzima mvumo. Fender Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, hutumia tatu za koili moja, zenye sauti kali na angavu.

Mfano usiofuata desturi ni Red Special, gitaa ambalo mpiga gitaa Brian May alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963. Shingo ilichongwa kutoka mahogani ya meko kuukuu, na bodi ina mwaloni. May alizijaza gundi pikapu zake tatu za Burns Tri-Sonic ili zisipige mluzi, na kila moja ina swichi zake. Agosti 1984 alilipiga na Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, katika ukumbi wa Forest National, ulioko Forest (Vorst), Brussels, tangu 1970. Video ya wimbo wao "Hammer to Fall" ilirekodiwa humo.