Mashua za Mfano: Habari za Mafuta Yake na Gharama Zake



Mtoto wa pwani hutwaa kumbi la nazi, akalichonga, akalitia mlingoti wa kijiti na tanga la jani, kisha akashindana na wenziwe maji yakijaa. Mashua yake haina haja ya mafuta. Upepo hauuzwi dukani, na mwana wa maskini huupata sawasawa na mwana wa tajiri.

Leo nataka kuwaeleza habari za mashua nyingine ndogo, zile za Uingereza, Ulaya na Marekani, ambazo huendeshwa kwa mtambo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 wenye mchezo huu wametafuta mafuta ya kuzitia mbio, na kila walipopata mafuta mapya walipata na hesabu mpya ya kulipa. Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la watoto. Wazee wenye mvi hukesha karakanani kwa ajili yake, na ndani yake mna mafunzo kwa kila mtu anunuaye mafuta.

Katika upande wa mashariki wa mji wa London, mahali walipokaa mafundi na vibarua wengi, pana bustani kubwa iitwayo Victoria Park, na ndani yake mna ziwa dogo. Hapo mwaka 1904 kilianzishwa chama cha wapenda mashua ndogo za mvuke. Vyama vya namna hiyo vikaongezeka, hata mwaka 1924 vikaungana chini ya shirika moja la nchi nzima. Mashindano ya mbio yalikuwa hivi: mashua hufungwa waya mwembamba, na ncha ya pili ya waya hufungwa kwenye nguzo iliyosimamishwa katikati ya maji. Mashua huachiwa, ikazunguka nguzo mfano wa ng'ombe azungukaye kinu cha kukamulia mafuta, na watu hushika saa kuhesabu mwendo wake.

Zile za mbio zilikuwa na ufundi wa ajabu. Bomba jembamba la chuma lilikunjwa mviringo mara nyingi, likawashwa kwa taa ya petroli itoayo ndimi kali za moto, hata likawa jekundu. Pampu ndogo ikasukuma maji ndani ya bomba hilo, nayo yakageuka mvuke papo hapo. Mafuta yaliyochomwa yalikuwa machache. Gharama kubwa ilikuwa ni kazi ya mikono, kwa maana mtu alijitengenezea mwenyewe bomba, pampu, silinda na rafadha. Fundi asiye na fedha, akiwa na subira na jicho la kupima, aliweza kumshinda bwana mwenye mali. Ndiyo maana ya methali yetu: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wengine walitia injini za petroli. Injini hizo zilihitaji cheche ya umeme ndani ya silinda, kwa hiyo mashua ilibeba betri na koili, na uzito huo uliipunguzia mwendo. Tena, petroli ililetwa Uingereza kwa meli kutoka ng'ambo. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba mwaka 1939, petroli ikagawiwa watu kwa kipimo, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwezi wa Mei mwaka 1950. Hapo wenye mashua walijifunza kwamba hata kikombe kimoja cha mafuta kinategemea mabaharia wanaohatarisha maisha yao baharini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1947. Mmarekani mmoja jina lake Ray Arden alitoa plagi mpya, yenye waya mdogo wa platinamu. Waya huo huwashwa kwanza kwa betri. Injini ikisha kuwaka, betri huondolewa, na waya huendelea kung'aa wenyewe kwa sababu ya joto na kwa namna platinamu inavyokutana na mvuke wa spiriti. Mashua ikatua mzigo wa betri na koili. Lakini plagi hiyo haikubaliani na petroli. Yataka spiriti iitwayo methanoli. Nayo ni sumu kali. Anayeinywa aweza kupofuka, hata kufa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Injini hizi ndogo hazina mahali pa oili pa peke yake. Oili huchanganywa na mafuta yenyewe. Oili ya kawaida ya magari haichanganyiki na methanoli, lakini mafuta ya mbarika huchanganyika vema, nayo hustahimili joto kali pasipo kukimbia chumani. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ni mmea wa asili ya upande wetu huu wa mashariki ya Afrika, nao huota hata jalalani. Basi mashua iliyonguruma katika ziwa la Ulaya ilitoa moshi wenye harufu ya mmea ambao wengi wetu huupita njiani bila kuutazama.

Kama mchezo ungalisimama hapo, gharama ingalikuwa ndogo. Lakini mwenye kukimbia humtazama aliye mbele yake. Ikaingia dawa iitwayo nitromethani. Nguvu yake ni hii: kila moto wahitaji hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue barabara. Kilo moja ya methanoli huhitaji kama kilo 6 na nusu. Lakini kilo moja ya nitromethani haihitaji hata kilo 2, kwa kuwa hewa ya kuchomea imo ndani yake yenyewe. Kwa hiyo injini ile ile humeza mafuta mengi zaidi kwa kila pigo, ikatoa nguvu zaidi. Gharama nayo huongezeka mara mbili: dawa ni ghali kuliko methanoli, tena hunywewa upesi. Mmoja akitia sehemu 10 katika 100, jirani yake alitia 20. Wengine wakapita nusu nzima. Wote waliongeza mwendo, na wote waliongeza matumizi, lakini mshindi alibaki mmoja tu.

Tena haikuwa hasara ya fedha peke yake. Tarehe 1 Mei mwaka 1991, kiwanda kilichotengeneza dawa za jamii hiyo huko Sterlington, katika jimbo la Louisiana, Marekani, kililipuka, na watu 8 wakafa. Mwaka 1995 mjini Oklahoma City watu 168 waliuawa kwa bomu ambalo ndani yake ilitiwa nitromethani. Serikali zikaanza kuichunga. Tangu mwezi wa Februari mwaka 2021, katika nchi za Umoja wa Ulaya mtu wa kawaida haruhusiwi kununua mafuta yenye zaidi ya sehemu 16 katika 100 za dawa hiyo, isipokuwa ana idhini pale nchi yake inapotoa idhini.

Wachezaji walifanyaje? Wengine waligeukia injini ndogo za petroli, za jamii ya zile za mashine za kufyekea majani, kwa kuwa mafuta yake hupatikana kila kituo cha magari. Wengine, hasa tangu mwanzo wa karne hii ya 21, walichukua umeme wa betri za lithiamu. Hizo hazina moshi wala kelele. Lakini bei yake hulipwa mbele, huchakaa, na zikitiwa umeme vibaya huwaka moto. Gharama haikuondoka, ilihama tu.

Dawa iliyo njema kupita zote, kwa maoni yangu, ilionekana katika mchezo ulio ndugu wa huu, yaani mbio za ndege ndogo za mfano zirushwazo kwa waya. Shirika lao la dunia, FAI, lilikata shauri kwamba wote watumie mafuta ya namna moja: methanoli sehemu 80 na oili sehemu 20, ile ya mbarika ikiwa ndiyo ya tangu zamani. Wala ndege hizo hazikuwa kobe kwa sababu hiyo; mafundi waliitafuta kasi katika chuma, katika umbo la bawa na katika kipimo cha silinda. Ushindi ukarudi mikononi mwa fundi.

Mvuvi aliyeacha tanga na kununua mashine ya petroli anaijua hesabu hii. Siku ya kwanza huwatangulia wenziwe kufika sokoni. Wote wakisha kununua mashine, hufika pamoja kama zamani, na kila mmoja ana deni la mafuta. Basi kabla ya kununua mwendo, wenye chombo na wakae pamoja, waulizane ni mwendo gani unaowatosha wote.