WALIINGIA KAMA WATALII: WAANDISHI WA NJE NA UCHAGUZI WA ZIMBABWE 2008

Wadau, kuna waandishi wa habari wakubwa tu, wenye majina yao duniani, ambao mwaka 2008 waliingia Zimbabwe wakisema ni watalii. Mtalii gani sasa anaenda Harare wiki ya uchaguzi?

Kura zilipigwa 29 Machi. Mugabe alikuwa madarakani toka 1980, mpinzani wake mkubwa alikuwa Morgan Tsvangirai, na maisha yalikuwa yamekaba kweli kweli, mfumuko wa bei umepita asilimia 100,000. Dunia nzima ilitaka kuona itakuwaje. Shida ni kwamba serikali iliwanyima vibali waandishi wengi wa nje, na BBC walishapigwa marufuku miaka mingi nyuma. Ndiyo maana wengine wakazama kimya kimya. Mtangazaji mmoja mkongwe wa BBC, sura ambayo hata wewe ukiiona kwenye TV unaijua, alikuwa akiripoti humo humo ndani kwa kujificha.

Sasa cheki hii. Stori kubwa ya uchaguzi ule haikutoka kwa hao wageni. Utaratibu mpya ulitaka matokeo ya kila kituo yabandikwe nje ya mlango. Wananchi wakayapiga picha kwa simu, chama cha Tsvangirai kikajumlisha na kutangaza hesabu yake, wakati tume inajivuta. Matokeo ya urais yalikuja kutangazwa 2 Mei, zaidi ya mwezi mzima! Tsvangirai asilimia 47.9, Mugabe 43.2. Hakuna aliyevuka nusu, ikabidi warudie.

Katikati ya ule ukimya ndiyo wageni wakanaswa. Tarehe 3 Aprili polisi walivamia nyumba moja ya wageni Harare, wakaondoka na mwandishi wa New York Times na mwenzake Mwingereza. Kosa? Kufanya kazi ya habari bila kibali. Wakalala mahabusu siku kadhaa, wakatoka kwa dhamana, na 16 Aprili mahakama ikawafutia kesi. Magazeti ya kwao yalipiga kelele kila siku, na haki yao kupigiwa kelele, sello siyo mchezo.

Ila mwenyeji alikuwa na nani wa kumpigia kelele?

Mwaka mmoja kabla, Machi 2007, Tsvangirai alipigwa vibaya akiwa mikononi mwa polisi na picha zake zikazunguka dunia. Mwisho wa mwezi ule ule, mpiga picha mmoja wa Kizimbabwe, aliyewahi kufanya kazi televisheni ya taifa, alichukuliwa nyumbani kwake na watu wenye silaha. Mwili wake ukaja kuokotwa nje ya jiji. Watu walisema alihisiwa kuzitoa picha zile nje ya nchi. Huyu hakuwa na ubalozi wa kumfuatilia wala tiketi ya kurudi kwao, kwao kwenyewe ndiyo hapo.

Na baada ya kura ikawa mbaya zaidi. Maofisa wa tume walikamatwa, wakidaiwa kumpunguzia Mugabe kura. Vijijini watu walipigwa, nyumba zikachomwa moto. Ilipofika 22 Juni Tsvangirai akajitoa, chama chake kikisema wafuasi zaidi ya 80 wameshauawa. Tarehe 27 Mugabe akagombea kama peke yake na kupewa zaidi ya asilimia 85. Habari za vijijini ziliwafikia wageni kupitia madereva, manesi, walimu na waandishi wa hapo hapo, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, kwa usalama wao.

Julai 2009, serikali ya umoja ikiwa imeshaundwa, BBC na CNN wakaruhusiwa kurudi kufanya kazi hadharani. Yule mpiga picha alikuwa ameshakaa kaburini miaka miwili na ushee.