Bastola kwa mkono uliopungua nguvu: mambo ya kupima kabla ya kuomba leseni

Jina la Mlolongo lina maana ya foleni, na kwa miaka mingi foleni ya malori yanayosubiri kupimwa uzani kando ya Barabara ya Mombasa ndiyo iliyoutambulisha mji huo wa Kaunti ya Machakos. Tangu 2022 barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 imeuunganisha na Westlands, Nairobi. Biashara za hoteli, gereji, vipuri na maduka ya jumla hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane, na si wenye biashara wote walio vijana. Miongoni mwa wanaofikiria kuomba leseni ya bastola ili kulinda mali na maisha, wamo waliokwisha kupita umri wa miaka 60, wenye baridi yabisi ya vidole, waliopata kiharusi, au ambao neva ya kifundo cha mkono imebanwa kwa sababu ya kazi za miaka mingi.

Kwa watu hao swali la kwanza dukani huwa ni bei, na la pili ni ukubwa wa risasi. Swali lililostahili kutangulia, iwapo mkono utaweza kuiendesha silaha yenyewe, aghalabu huulizwa baada ya fedha kulipwa.

Nchini Kenya kuchelewa huko kuna gharama ya kisheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia hawezi kununua wala kumiliki bastola bila cheti, na cheti hutaja silaha mahususi pamoja na kiasi cha risasi ambacho mmiliki anaruhusiwa kuwa nacho. Kwa hivyo anayegundua kwamba bastola yake ni ngumu kuvutika hawezi kuibadilisha dukani kama anayebadilisha viatu. Sharti arudi kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Bodi hiyo iliundwa kufuatia marekebisho ya sheria za usalama ya 2014. Mnamo Desemba 2018, waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alifutilia mbali leseni zote za raia na kuagiza wamiliki wakaguliwe upya. Tangu hapo hakuna mmiliki anayeweza kudhani kwamba leseni aliyopewa jana ni haki ya kudumu.

Bastola ya kisasa inayojipakia risasi yenyewe huutaka mkono ufanye kazi nne: kuvuta nyuma chuma cha juu ili risasi ya kwanza iingie kwenye mtutu, kukaza kifyatulio, kuhimili teke la silaha inapolia, na kusukuma risasi ndani ya magazini dhidi ya springi. Wengi huzungumzia teke peke yake. Kwa mkono dhaifu, kikwazo kikubwa mara nyingi ni hicho chuma cha juu.

Asiyeweza kukivuta hukosa zaidi ya uwezo wa kupakia. Kuondoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu, kwani risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu, na njia ya kuiona na kuitoa ni kuvuta chuma hicho. Zipo familia ambamo kijana mwenye nguvu humpakilia mzee bastola asubuhi, kisha mzee akabaki nayo mchana kutwa. Mzee huyo anabeba silaha ambayo yeye mwenyewe hawezi kuithibitisha kuwa tupu, hawezi kuisafisha, na hawezi kuiondolea risasi iliyokwama. Mtu wa namna hiyo hana bastola inayomfaa, hata iwe ya bei gani. Kwa upande wa kijana, ikiwa hana cheti, kuishika tu kunaweza kumfikisha mahakamani.

Ugumu wa kuvuta hautegemei ukubwa wa risasi kama wengi wanavyodhani. Risasi ya .380 ina takriban nusu ya nishati ya ile ya milimita 9, kwa hivyo mnunuzi hutarajia bastola yake iwe laini. Lakini bastola nyingi za zamani za .380 hazina mtambo wa kufunga mtutu wakati wa mlipuko. Hutegemea uzito wa chuma cha juu na ukali wa springi pekee. Matokeo yake ni kwamba baadhi yake ni ngumu kuvuta kuliko bastola kubwa ya milimita 9.

Hapa ndipo ushauri mmoja uliozoeleka unapopotosha: kwamba mkono mdogo au dhaifu upewe bastola ndogo. Silaha ndogo ina springi fupi na kali, ina nafasi finyu ya kushikia, na kwa kuwa ni nyepesi hupiga teke kali zaidi kwa risasi ileile. Bastola ya wastani, yenye mpini unaojaza kiganja, kwa kawaida ndiyo inayomtii mtu wa mikono dhaifu. Kasoro yake ni uzito kiunoni, na hilo ni suala la mshipi mzuri.

Rivolva nayo husifiwa kwa sababu haina chuma cha kuvuta. Sifa hiyo ni ya kweli: mwenyewe hufungua silinda, huona kila risasi, na huifunga. Hata hivyo, mzigo uliotolewa kwenye kiganja huhamishiwa kwenye kidole cha shahada. Kukaza kifyatulio cha rivolva nyingi bila kuinua nyundo kwanza huhitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5, mara mbili hivi ya Glock ya kawaida. Nyundo ikiinuliwa kwa kidole gumba, nguvu hiyo hushuka sana, ila ziko rivolva za mfukoni ambazo nyundo imefichwa na haiwezi kuinuliwa kamwe. Zile zenye uzani wa gramu 400 hivi, ambazo wauzaji hupenda kumpendekezea mwanamke au mzee, zina kifyatulio kigumu na teke linaloumiza kifundo. Rivolva nzito ya chuma ni afadhali mara nyingi kuliko hizo.

Katika taarifa za polisi wa Kenya jina linalosikika mno ni Ceska, silaha za kiwanda cha Jamhuri ya Cheki. Mfano wake mashuhuri, CZ 75, una uzani wa takriban kilo moja na kwa hivyo teke lake ni la upole. Ila chuma chake cha juu kimezama ndani ya fremu, kikaacha sehemu nyembamba ya kushika, jambo linalowasumbua wenye vidole vyenye maumivu. Kuna nafuu moja: bastola zenye nyundo ya nje huvutika kwa urahisi zaidi nyundo ikiwa imeinuliwa tayari, kwa maana mkono haupambani na springi mbili kwa wakati mmoja. Glock haina nyundo ya nje, kwa hivyo haina nafuu hiyo, lakini chuma chake ni kipana na kifyatulio chake hakibadiliki kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Watengenezaji wa nje wamelitambua soko hili. Mnamo 2018 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa Shield EZ ya .380, iliyobuniwa ili chuma chake kivutike kwa urahisi na magazini yake ijazwe bila kuumiza vidole, kisha ikafuata ya milimita 9. (Baadhi ya hizo za milimita 9 zilizotengenezwa 2020 ziliitwa na kampuni yenyewe kukaguliwa nyundo, hivyo anayeuziwa iliyotumika aulize.) Beretta ya Italia imewahi kuunda bastola ambazo mtutu wake huinuka kwa kubonyeza kitufe, risasi ikatiwa moja kwa moja bila kuvuta chochote. Muuzaji wa Nairobi huenda asiwe na hata moja kati ya hizo, na ni heri kuagiza na kusubiri kuliko kuchukua iliyopo rafuni.

Vipi kuhusu risasi ya .22? Teke lake ni hafifu na bastola zake huvutika kwa wepesi. Nguvu yake ni ndogo, na risasi za aina hiyo hukataa kulia mara nyingi zaidi kuliko nyingine. Kwa mazoezi inafaa sana. Kwa kujilinda, ni chaguo la mtu ambaye yote mengine yameshindikana.

Jambo moja la kuepuka ni kumpa fundi bastola ailegeze springi. Springi iliyolegezwa kupita kiasi husababisha risasi kukwama, na kifyatulio kilicholainishwa mno hulia pasipotarajiwa.

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji ajaribu aina kadhaa chini ya mkufunzi katika uwanja wa kulenga shabaha ulioidhinishwa, kama ule wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu. Mbinu ya kuvuta ina uzito kuliko misuli: bastola huwekwa karibu na kifua, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha daima, kiganja kizima cha mkono mmoja kikashika chuma kwa juu, na mkono wenye mpini ukasukuma mbele. Kazi huhamia mabegani. Waliodhani hawawezi hugundua kwamba walikuwa wakitumia vidole viwili tu.

Jaribio lisifanywe mara moja na kuachwa. Avute mara kumi mfululizo. Apige risasi 50 kisha avute tena, kwa sababu mkono uliochoka ndio mkono wa kweli. Mwenye baridi yabisi achague asubuhi, viungo vikiwa vimekaza, wala si mchana baada ya dawa. Mkufunzi aangalie pia kama kifundo kinalegea bastola inapolia. Kikilegea, ganda tupu hushindwa kutoka na silaha hukwama, na kuikwamua kunahitaji kuvuta kilekile chuma.

Upo upande mwingine ambao wauzaji hawautaji. Mkono usioweza kushika imara ni mkono unaoweza kupokonywa. Katika mji wenye msongamano wa stendi na vibanda kama Mlolongo, mnyang'anyi huwa amefika hatua mbili kabla mwenye duka hajajua, na bastola iliyopokonywa huongezeka kwenye silaha haramu huku mmiliki akibaki na maswali ya kujibu polisi. Sheria humtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha, na humruhusu mtoa leseni kukataa pale ambapo usalama wa umma utahatarishwa. Aliyeshindwa majaribio hayo yote atanufaika zaidi kwa kupunguza fedha taslimu dukani kupitia M-Pesa, kuimarisha milango na taa, na kuajiri mlinzi.

Hata aliyefaulu ajue kwamba nguvu ya mkono hupungua. Leseni inapofika wakati wa kuhuishwa, arudie majaribio yaleyale uwanjani kabla ya kulipa ada. Akiona mkono umekataa, bastola hiyo haiwezi kurithishwa mwana, mke wala mpwa asiye na cheti chake mwenyewe, hata ndani ya nyumba moja. Hupelekwa kwa maafisa wa leseni au muuzaji aliyeidhinishwa, pamoja na risasi zake zote, naye mwenyewe akahifadhi hati ya makabidhiano.