Paka mwitu anapoanza kuingia nyumbani: jua kwanza kinachomleta

HUANZA kwa kifuniko cha sufuria kuanguka usiku wa manane. Siku ya pili kipande cha samaki kilichoachwa mezani hakionekani, na siku ya tatu mwenye nyumba anawasha taa na kuona macho mawili yaking'aa chini ya kochi. Mgeni huyo hana jina wala mwenyewe. Akikaribiwa husimamisha manyoya, hutoa sauti ya kutisha na kutorokea dirishani.

Katika mtaa wa Kaloleni, eneo la Eastlands jijini Nairobi, paka wa aina hii hapati taabu kubwa ya kuingia. Nyumba za mtaa huo zilijengwa miaka ya 1940 kwa mawe na kuezekwa kwa vigae, nazo zi karibu na ardhi. Kigae kimoja kikiteleza, njia ya kufika darini imepatikana. Soko la nyama la Burma nalo haliko mbali, na palipo na soko la nyama hapakosi mifupa, matumbo wala panya. Aidha, familia zinapohama, si wote wanaokumbuka kubeba paka wao.

Si kila paka anayezurura ni paka mwitu, na tofauti hii ndiyo inayoamua hatua ya kuchukua. Paka aliyepotea au kuachwa na wenyewe bado anakumbuka watu. Hukutazama usoni, hulia, huinua mkia, na baada ya siku chache za kupewa chakula hujisugua miguuni. Paka aliyezaliwa na kukulia nje bila kushikwa na binadamu huwa kimya, hutembea ameinama, hujificha mchana na hujitokeza usiku. Huyo wa pili akishakuwa mkubwa ni nadra sana kuzoea kubebwa, hata akilishwa mwaka mzima.

Ni vyema kukumbuka jinsi paka alivyofika kwetu hapo kale. Wanasayansi wanaeleza kwamba paka wa nyumbani alitokana na paka wa porini wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, aliyeanza kuishi karibu na watu yapata miaka 10,000 iliyopita, alipofuata panya waliokuwa wakivamia nafaka ya wakulima. Hakutekwa, alijileta mwenyewe. Yule anayeingia jikoni Kaloleni anafuata jambo lilo hilo: panya, mabaki ya chakula, taka zisizofunikwa, au pembe yenye joto ya kuzalia. Paka shume, yaani dume kubwa, huenda anamfuata jike aliye tayari kupandwa, na hunyunyiza mkojo wenye harufu kali ukutani kutangaza kwamba amefika.

Wengi hukimbilia gunia. Paka hukamatwa, hufungwa na kutupwa mtaa mwingine. Njia hii haimalizi shida, kwa sababu chakula kilichomwita kingali pale pale na paka mwingine huja kuchukua nafasi. Wengine hutega sumu, na hapa hatuna budi kuonya waziwazi. Sumu haichagui. Mtoto anayetambaa, kuku wa jirani na mbwa wa mlinzi wote wanaweza kuila, na paka mwenyewe huenda akafia darini ambako hakuna mkono unaomfikia. Isitoshe, Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumtesa mnyama, awe na mwenyewe au asiwe naye. Wapo pia wanaompiga paka kwa kuwa ni mweusi na kudai ametumwa. Mweusi au wa madoa, njaa ni ile ile.

Paka akikutwa ndani, asizingirwe. Watoto watolewe chumbani, mlango mmoja au dirisha liachwe wazi, kisha watu wakae kimya mbali na njia hiyo. Kwa kawaida atatoka mwenyewe. Anayejaribu kumshika kwa mikono mitupu ndiye huumia.

Akishatoka, kazi ni kuondoa kilichomleta. Sufuria zifunikwe au ziwekwe kabatini, ndoo ya taka iwe na kifuniko kizito, na vyombo visilale bila kuoshwa. Madirisha yanayoachwa wazi kwa ajili ya hewa yawekwe wavu wa waya. Palipokojolewa paoshwe kwa sabuni kisha siki. Dawa zenye amonia hazifai kwani harufu yake hufanana na ya mkojo, nazo dawa za fenoli, zile zinazogeuka nyeupe ndani ya maji, ni sumu kwa paka anayezikanyaga na kuramba miguu.

Hatari iliyo kubwa kuliko kupotea kwa samaki ni kuumwa. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani, kwa hivyo jeraha linaloonekana dogo linaweza kuvimba na kutunga usaha kwa muda wa siku moja tu. La kutisha zaidi ni kichaa cha mbwa. Ingawa mbwa ndio husababisha takriban asilimia 99 ya visa vya binadamu duniani, paka naye huweza kuambukizwa na kuueneza, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa karibu kila mara mwisho ni kifo. Ni ugonjwa ambao Kenya, katika mpango ilioanzisha mwaka 2014, ilikusudia kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030.

Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Pilipili, mafuta taa na majani ya kusagwa havitibu. Paka asiyejulikana hawezi kuchunguzwa kwa siku 10 kama wa nyumbani, basi asingojewe aonekane tena ndipo matibabu yaanze.

Kinyesi cha paka nacho kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasmosi, ambavyo ni hatari kwa mimba na kwa watu wenye kinga dhaifu. Vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Je, anayependa kumweka kwa sababu ya panya? Hakuna ubaya, mradi asiishie kumtilia mabaki tu. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne na hubeba kwa majuma tisa hivi. Anayelisha mmoja bila kumfunga uzazi atajikuta akilisha ukoo mzima. Daktari wa mifugo huweza kumhasi dume au kumfunga jike uzazi, na kumchanja wakati huo huo. Paka mkali hukamatwa kwa kizimba chenye mlango unaojifunga, kikitegwa kwa omena au samaki. Baada ya upasuaji hukatwa ncha ya sikio akiwa bado usingizini, ili ajulikane, kisha hurudishwa alikotoka. Jijini Nairobi ushauri hupatikana kwa chama cha KSPCA, kilichoko Karen, na katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Kabla ya fundi kuziba tundu la dari, sikiliza kwanza. Sauti nyembamba juu ya chumba ina maana kwamba jike amezaa, na akifungiwa nje wanawe watakufa kwa njaa. Waachwe na mama yao bila kusumbuliwa. Mara nyingi yeye mwenyewe huwahamisha. Wasipohamishwa, wanaweza kuanza kushikwa na kuzoezwa watu wakiwa na majuma matano hivi na kugawiwa wafugaji wakifikisha manane. Wakipita umri huo bila kushikwa, kuwafuga huwa kazi ngumu. Tundu lizibwe baada ya mama na wana wote kutoka.