Kamera ilivyowafuata kondoo wa milimani

Aprili 2014, watu wanaojitolea katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, Marekani, waliona droni ikivuruga kundi la kondoo-mwitu wa milimani, wale wenye pembe nene zilizojikunja hadi shavuni. Taarifa zilisema wakubwa walitenganishwa na watoto wao. Juni mwaka huohuo Jonathan Jarvis, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za nchi hiyo, akapiga marufuku droni katika hifadhi zote. Wapo walionung'unika kwamba kamera inaadhibiwa bure. Historia ya kazi ya kupiga picha za wanyamapori inaonyesha kuwa Jarvis alikuwa na haki.

Mwanzilishi mkubwa wa kazi hiyo ni George Shiras, mbunge wa zamani wa Pennsylvania na mwindaji aliyeweka bunduki chini akashika kamera. Usiku alipanda mtumbwi wenye taa, kulungu waliokuja kunywa maji wakapumbazwa na mwanga, naye akalipua unga wa magnesiamu na kuwanasa pichani. Julai 1906 Gilbert Grosvenor, mhariri wa National Geographic, alichapisha picha zake 74 katika toleo moja. Wajumbe wawili wa bodi wakajiuzulu kwa hasira, wakidai jarida la kitaalamu linageuzwa kitabu cha picha. Grosvenor hakurudi nyuma, na wasomaji walimuunga mkono. Lakini ugomvi wote ule ulihusu heshima ya jarida. Hofu ya mnyama aliyemulikwa gizani haikumhusu yeyote kati yao. Mei 1912 Shiras aliandika humohumo juu ya kondoo weupe wa rasi ya Kenai, Alaska, na huko ujanja wa mtumbwi haufai kitu. Kondoo hawa hula mchana kwenye miteremko iliyo wazi, na huona mbali mno. Anayetokea bondeni huonekana mapema, na akiharakisha kundi lote huhamia majabalini. Inabidi kupanda taratibu, mzigo wa kamera mgongoni, na kusubiri kundi liendelee kula. Umbali aliupanga kondoo.

Mtu atasema kamera haijawahi kuua, na kwamba waliowaokoa kondoo wa Alaska ni wawindaji. La pili ni kweli: Charles Sheldon, aliyekaa huko majira ya baridi ya 1907 hadi 1908, alikuwa mwindaji, na ndiye aliyepigania hifadhi ya Mount McKinley, leo Denali, ikaanzishwa 1917. Sifa hiyo basi wapiga picha wasijitwalie. La kwanza lina kasoro. Wakati wa baridi kondoo huishi kwa mafuta ya mwilini na nyasi chache ambazo upepo umezifunua kwenye theluji, na kila mbio isiyo ya lazima hula akiba hiyo. Lenzi ndefu za miongo ya karibuni zingeweza kumaliza tatizo, kwani humwezesha mtu kubaki mbali. Droni imelirudisha kwa nguvu, maana inafuta jasho lililokuwa kizuizi. Jike anayekaribia kuzaa hujitenga kwenye majabali ambako mbwa-mwitu humfikia kwa shida. Adui anayebaki hapo ni tai, ambaye humnyakua mtoto mchanga akitokea angani, upande uleule inakotokea droni.